Mayai ya kambale yaligeuka meupe, na sisi tukamlaumu dada yetu

Majuma yaliyopita tulizungumza juu ya sabuni, mbuzi na bustani za lengalenga. Juma hili tunazungumza juu ya samaki. Vikundi vingi vimetuuliza jinsi tunavyopata watoto wa kambale wenyewe, bila kwenda kuwanunua mbali. Nitawaeleza kazi yote, hatua kwa hatua. Lakini nitaeleza pia namna tulivyoshindwa mara mbili, na namna tulivyomkosea mwenzetu mmoja kwa sababu hatukujua kazi. Nimemwomba ruhusa niandike jambo hili, naye amekubali. Amesema tu nisitaje jina lake.

Kwa nini tulitaka watoto wetu wa samaki

Kikundi chetu kina mabwawa matatu katika bonde, huku kwenye milima juu ya Bukavu. Tulianza na tilapia. Tilapia hasumbui kuzaa: ukiweka majike na madume pamoja, baada ya muda bwawa linajaa watoto. Shida ni kwamba maji yetu ni baridi, tilapia anakua polepole, na wakizaana sana wote wanabaki wadogo kama kiganja cha mtoto.

Kambale ni tofauti. Anakua haraka kuliko tilapia, anakula vitu vingi, na anaweza kuvuta hewa ya juu. Ndiyo maana mama anaweza kumpeleka sokoni akiwa hai ndani ya basini, na mnunuzi akamwona anavyojipinda. Samaki aliye hai haitaji kusifiwa.

Lakini kambale hazai ovyo ndani ya bwawa. Kila msimu tulitoa feza za MUSO yetu kwenda kununua alevini kule chini, katika uwanda wa Ruzizi. Tuliwabeba katika bidoni juu ya gari, barabara mbaya, jua kali. Tulipofika nyumbani, wengi walikuwa wanaelea. Feza hizo wengine wetu tulikuwa tumezitengea masomo ya watoto. Ndipo tukasema: tutotoleshe wenyewe. Mama mmoja wetu alikuwa amefuata mafundisho kule uwandani na alikuwa na daftari yenye hatua zote. Tuliona kwamba daftari ile inatosha.

Kambale anavyozaa

Porini, kambale anangoja mvua. Mto au ziwa linapofurika na maji yanapoingia katika majani, samaki wanatoka usiku kwenda kwenye maji hayo mafupi. Jike anamwaga mayai, dume anamwaga mbegu zake juu yake, na mayai yanashika kwenye majani. Kisha wazazi wanaondoka. Hawalindi kitu.

Katika bwawa hakuna mafuriko ya namna hiyo. Jike anajaza mayai tumboni, mayai yanakomaa mpaka kiasi fulani, halafu yanasimama pale. Mwili wake unangoja alama ambayo haiji. Alama hiyo ni homoni inayotoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo wataalamu wanaiita ipofizi. Kwa hiyo mfugaji anachukua tezi hiyo kutoka kwa samaki mwingine, anaisaga, na kumpiga jike sindano. Au anatumia homoni iliyotengenezwa kiwandani.

Akili hii si mpya. Wabrazili walianza kuitumia kwa samaki wao katika miaka ya 1930. Kwa kambale wa Afrika, kazi kubwa ilifanywa katika miaka ya 1970 huko Bangui, kwa jirani zetu wa Afrika ya Kati, na huko Foumban katika Kameruni. Kwa hiyo ni elimu iliyopimwa katika maji ya Afrika.

Mara ya kwanza

Siku ya posho, saa kumi na mbili ya jioni, tulipiga jike sindano. Daftari ilisema: ngojeni masaa 11, kisha kamueni mayai. Saa kumi na moja ya asubuhi tulikuwa tayari na taa zetu. Dada yetu mmoja, mjane kijana ambaye ana mikono yenye nguvu, ndiye aliyemshika samaki. Tulikamua. Hakikutoka kitu. Tukabonyeza zaidi. Yakatoka mayai machache, yameshikana kama uji, na damu ndani yake. Tukayachanganya na mbegu za dume hivyo hivyo.

Jioni mayai yote yalikuwa meupe kama vipande vya mchele. Siku iliyofuata yalikuwa na manyoya ya ukungu kama pamba. Jike akafa. Dume tulikuwa tumekwisha kumpasua, maana dume wa kambale hakamuliki.

Ndipo maneno yakaanza. Kwanza kisimani, kisha njiani kutoka kanisani. Kwamba yule dada alikuwa katika siku zake za mwezi na hakusema. Kwamba mwanamke aliye katika siku zake akigusa mayai, yanaharibika. Mwingine akaongeza kwamba hata mume wake alikufa ghafula. Mimi niliyasikia maneno hayo. Sikuyasema mimi, lakini sikuyakataza. Katika mkutano, mama mkubwa wa kikundi alimwambia kwa sauti ya upole: "Mwanangu, safari ijayo upumzike kidogo." Alielewa. Alichukua kitenge chake akaondoka, na majuma mengi hakuja tena kwenye mkutano wala kwenye MUSO.

Mara ya pili

Tulirudia bila yeye. Tulipiga sindano jioni kama kwanza. Usiku mvua kubwa ilinyesha, kijito kikajaa, na hatukuweza kuvuka kwenda bondeni mpaka ilipokaribia saa sita ya mchana. Tulidhani tumekwisha kuchelewa. Lakini tulipomshika jike na kumgusa tumbo tu, mayai yakatoka yenyewe, mazuri, yenye rangi ya kijani na kahawia, kila yai peke yake. Wamama wakapiga vigelegele. Nilisikia mmoja akisema nyuma yangu: "Munaona sasa? Tatizo lilikuwa ni yule."

Kesho yake asubuhi mayai yalikuwa meupe. Yote, isipokuwa machache ya kuhesabu kwa vidole.

Hapo hapakuwa na mtu wa kulaumu. Tulikaa kando ya basini, hakuna aliyesema. Feza za MUSO zilikuwa zimekwenda mara mbili. Baadhi walitaka tuache kabisa. Tulikubaliana kumwita bwana agronomu kabla ya kukata shauri.

Maswali mawili ya agronomu

Alikuja siku ya yenga baada ya misa. Hakuleta mashini yoyote. Aliuliza maswali mawili.

La kwanza: "Usiku ule maji yalikuwa na joto gani?" Tulitazamana. Hatukuwa na kipimo cha joto. Alitoa chake mfukoni, akakitia katika maji: digri 21. Akachukua daftari yetu, akaonyesha mstari ambao hatukuufikiria. Masaa 11 yale ni ya maji yenye digri 25, kama yale ya uwandani. Katika maji ya baridi, mayai yanachelewa kukomaa. Akatuandikia hivi, na kila kikundi kinaweza kunakili:

Maji ya digri 20: ngoja karibu masaa 21 tangu sindano.
Digri 21: karibu masaa 18.
Digri 22: karibu masaa 15 na nusu.
Digri 23: karibu masaa 13 na nusu.
Digri 24: karibu masaa 12.
Digri 25: karibu masaa 11.
Digri 26: karibu masaa 10.
Digri 28: karibu masaa 8.
Digri 30: karibu masaa 7.

Wamama, hesabuni wenyewe. Kutoka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa kumi na moja ya asubuhi ni masaa 11. Mayai yetu ya mara ya kwanza yalihitaji 18. Tulimkamua jike mayai yakiwa mabichi. Mara ya pili, mvua ilituchelewesha mpaka karibu saa sita ya mchana, yaani masaa 18. Ndiyo maana yalitoka vizuri. Ilikuwa kazi ya mvua na ya joto la maji. Yule dada hakuhusika hata kidogo.

Tena agronomu alituonya: kuchelewa nako ni kubaya. Mayai yakikaa tumboni baada ya kuiva, yanazeeka upesi na hayashiki tena mbegu. Ni kama mkate ndani ya tanuru: ukitoa mapema ni mbichi, ukisahau unaungua.

Swali la pili aliniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya vyombo. "Mama, bakuli la mayai lilikuwa kavu?"

Nilimjibu kwa majivuno: "Nililiosha mwenyewe, mara tatu, na maji safi."

"Ulilipangusa?"

Sikulipangusa. Tena mikono yetu ilikuwa imelowa mvua, samaki alikuwa anatiririka maji, na zile mbegu za dume nilikuwa nimezikatia ndani ya kikombe cha maji ya bwawa ili zisikauke. Nilifikiri nafanya usafi. Kumbe nilikuwa nimeua kila kitu.

Maji ndiyo yanayoamsha

Hili ndilo jambo kubwa la makala hii, naomba mulisome polepole.

Mbegu za dume zikiwa ndani ya mwili wake zimelala. Zikiguswa na maji ya kawaida, zinaamka na kuanza kuogelea. Lakini nguvu zake ni za muda mfupi sana, karibu dakika moja hivi. Baada ya hapo zimechoka na hazirudi tena.

Yai nalo lina kitundu kimoja kidogo sana ambacho mbegu inapitia. Yai likiguswa na maji linaanza kuvimba, na kitundu hicho kinafungika katika muda kama ule ule. Pia ngozi ya yai inakuwa na gundi.

Kwa hiyo mayai na mbegu vinapaswa kukutana vikiwa vikavu, kisha maji yaingie mara moja kwa wote wawili. Maji yakitangulia kwenye mbegu, mbegu zinafika zimekufa. Yakitangulia kwenye mayai, mlango umefungwa. Tone moja linalodondoka kutoka kiwiko cha mkono linatosha kuharibu sehemu ya bakuli. Nilipoelewa hivyo nilijua kwamba mara ya pili ni mimi niliyepoteza feza za kikundi. Nilisema hivyo mbele ya wote siku ile ile.

Hatua tunazofuata sasa

1. *Kuchagua wazazi.* Tunafanya kazi hii katika majira ya mvua, maana ndipo majike wanakuwa na mayai mazuri. Jike mzuri ana tumbo laini lililovimba, na ukimbonyeza kidogo yanatoka mayai machache yenye ukubwa sawa. Jike wa nusu kilo mpaka kilo moja anashikika vizuri. Dume anajulikana kwa kinyama kirefu kilichochongoka nyuma ya tumbo. Tumieni madume wawili kwa kila jike, kwa sababu mmoja anaweza kuwa na mbegu dhaifu nanyi hamuwezi kumjua kwa kumtazama nje. Na musichukue kila mwaka ndugu wa tumbo moja: badilishaneni wazazi na kikundi kingine.

2. *Kuwaweka ndani.* Siku moja kabla, tunawatenga, kila mmoja katika pipa lake lenye kifuniko, maana wanaumana na kuruka. Hatuwapi chakula. Mapipa tunayaweka ndani ya nyumba ili joto la maji lisishuke sana usiku. Joto lisilobadilika ni bora kuliko joto la juu mchana na la chini usiku.

3. *Sindano.* Tezi moja ya kambale inatosha kwa jike mwenye uzito kama wa samaki aliyetoa tezi. Tunaisaga taratibu na maji ya chumvi, gramu 9 za chumvi katika litre 1 ya maji safi. Mukikosa mizani ndogo, nunueni serumu ya chumvi kwenye farmasi, si ile ya sukari. Tunapiga sindano katika nyama ya mgongo, kwa kuilaza, kisha tunasugua kidogo ili dawa isitoke. Anayetumia homoni ya kiwanda afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Seringi ziwe za kazi hii tu, na baada ya kazi zizikwe au zichomwe mbali na watoto.

4. *Kupima joto.* Tunapima maji wakati wa sindano, kabla ya kulala, usiku wa manane na asubuhi. Tunaandika. Kisha tunatafuta saa ya kukamua katika orodha hapo juu. Saa inapokaribia, tunamgusa jike taratibu. Mayai yasipotoka yenyewe kwa mguso mdogo, tunamrudisha na kungoja nusu saa au saa moja. Hatubonyezi kwa nguvu tena kamwe.

5. *Mbegu za dume.* Dume anauawa karibu na saa ya kukamua. Mifuko ya mbegu ni miwili, myeupe kama maziwa. Tunaipangusa damu na maji kwa kitambaa kikavu, kisha tunaiweka katika kikombe kikavu. Kama jike amechelewa, tunakata mifuko hiyo ndani ya maji ya chumvi yale ya gramu 9, maana maji hayo hayaziamshi mbegu. Nyama ya dume haipotei: siku hiyo watoto wetu wanakula bugali na kambale.

6. *Kukausha kila kitu.* Tunamfunga jike kichwa kwa taulo, tunampangusa tumbo na mkia mpaka akauke. Anayekamua anakausha mikono mpaka kiwiko. Bakuli linakuwa kavu kabisa, la plastiki laini. Hatukamui juani wala mvuani.

7. *Kuchanganya.* Mayai yanatoka kama uzi ndani ya bakuli. Mara moja tunakata mifuko ya dume vipande vidogo, tunaikamua kupitia kitambaa chembamba juu ya mayai. Tunazungusha kwa unyoya wa kuku, taratibu. Bado hakuna maji.

8. *Maji.* Sasa tunamimina maji safi ya pipa, kiasi kama cha mayai yenyewe, tukiendelea kuzungusha kwa unyoya karibu dakika moja. Mmoja wetu anahesabu kwa sauti. Kisha, kabla gundi haijashika, tunayamwaga juu ya chandarua kilichonyoshwa ndani ya basini.

9. *Kutandaza.* Mayai yakae tabaka moja tu, yasipandane. Yanayolaliwa na mengine yanakosa hewa, yanakufa, na ukungu unaanzia hapo kwenda kwa yale mazima. Maji yanapaswa kutembea polepole bila kukoma. Sisi tumeweka bidoni juu ya meza na tiyo ndogo, na wamama wanapokezana kuijaza.

Kuhesabu ili musidanganyike

Jike wa kilo moja anaweza kutoa mayai ya gramu 100 mpaka 200. Katika gramu moja kuna mayai karibu 600 au 700. Kwa hiyo hata gramu 100 ni mayai zaidi ya elfu 60. Ukiona wingi huo unaweza kufurahi bure. Lililo la maana ni mangapi yameshika mbegu.

Musihesabu mara moja, kwa sababu yai ambalo halikushika linaweza kuonekana zima kwa masaa ya kwanza. Katika maji ya joto ngojeni karibu masaa 10 au 12. Katika maji baridi kama yetu ngojeni zaidi, mpaka kesho yake. Kisha chagueni sehemu tatu za chandarua, na kila sehemu muhesabu mayai 100. Yaliyo meupe na mazito yamekufa. Yanayopitisha mwanga, yenye kidoa cha rangi ndani, ni mazima. Kama katika 100 mumekuta meupe 30, basi 70 yameshika. Andikeni katika daftari pamoja na joto, saa ya sindano, saa ya kukamua, na jina la aliyefanya kila kazi. Jina linaandikwa ili tujue nani wa kuuliza, si ili tujue nani wa kulaumu.

Kutotoka nako kunafuata joto. Maji ya digri 20 yanahitaji karibu masaa 57, digri 22 karibu 38, digri 25 karibu 27, na digri 28 karibu 22. Watoto wakitoka wanapita katika matundu na kushuka chini, penye giza. Hapo mutoe chandarua pamoja na mayai yaliyokufa bila kukawia, maana yanachafua maji. Kwa siku mbili tatu watoto wanaishi kwa akiba ya tumboni mwao. Baada ya hapo wanahitaji vidudu vidogo vya maji, na vyura wasiwakaribie. Kulisha watoto wa kambale ni somo lake peke yake, tutalileta juma lingine.

Mara ya tatu

Mara ya tatu tulinunua kipimo cha joto na mataulo mawili. Hiyo ndiyo feza yote tuliyoongeza. Maji yalikuwa digri 22. Tulipiga sindano saa kumi na mbili ya jioni, tukakamua saa tatu na nusu ya asubuhi. Tulipohesabu kesho yake, kwa mara ya kwanza mayai mazima yalikuwa mengi kuliko meupe. Siku ya posho basini ilikuwa na watoto wengi kama nukta, wanajificha chini ya kivuli cha ubao. Tulimwita kila mtoto wa kijiji aje kutazama, ila tuliwakataza kutia mikono.

Lakini kabla ya mara hiyo ya tatu kulikuwa na kazi nyingine. Siku ile agronomu alipoondoka, mama mkubwa alisema: "Twende kwake." Tulikwenda watano. Tulimkuta anapalilia mihogo. Hakutukaribisha haraka, na alikuwa na haki. Mama mkubwa alipiga magoti, mtu wa miaka yake, akamwambia kwamba tulimtwika kosa la maji na la saa. Mimi nikasema kwamba mara ya pili aliyeharibu ni mimi, na hakuna aliyenitenga. Dada akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na yale ya mume wangu?" Hatukuwa na jibu isipokuwa kuomba msamaha. Aliturudishia jembe, akasema tumalizie mstari ule wa mihogo pamoja naye. Tulimaliza.

Alirudi majuma mawili baadaye. Siku ya sindano ya tatu ndiye aliyemshika samaki, maana hakuna mwenye mikono kama yake. Sasa yeye ndiye anayetunza kipimo cha joto na daftari, na hakuna anayemgusa samaki kabla yeye hajasema saa imefika.

Wamama wapendwa, siku za mwanamke hazina uhusiano wowote na yai la samaki. Samaki anajua joto la maji, anajua saa, anajua kavu na mbichi. Hajui zaidi. Kama katika kikundi chenu mayai yanageuka meupe, musianze kutafuta mtu. Pimeni maji, hesabuni masaa, kausheni bakuli. Na kama mumekwisha kumtaja mtu, mwendeeni nyumbani kwake, kwa sababu hatarudi mwenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na basini moja ya mayai inahitaji mikono mingi usiku kucha.

Vikundi vinavyotaka kunakili orodha ya joto na masaa vije siku ya mkutano na daftari. Dada yetu atawasomea.